Karata za Sushi Ofisini: Mchezo wa Dakika 15 Unaweza Nini kwa Timu?

Meneja wa rasilimali watu akiulizwa kwa nini ameweka michezo katika ratiba ya siku ya wafanyakazi, hujibu kwamba anatafuta mshikamano. Mwezeshaji aliyealikwa kuiendesha husema anatafuta mafunzo. Wafanyakazi wenyewe hugawanyika: wapo wanaosema wamekuja kuburudika, na wapo wanaonung'unika kwamba kazi zao zinawangoja mezani. Wote wamo katika chumba kimoja, mbele ya mchezo uleule, kila kundi na kipimo chake. Jioni ikifika hakuna anayeweza kusema kama siku ilifaulu au ilipotea, kwa sababu hawakuwahi kukubaliana walichokuwa wakikitafuta.

Mkanganyiko huo unaonekana vizuri zaidi katika aina moja ya michezo inayopendwa siku hizi na wawezeshaji, hasa wale wa timu za kutengeneza programu za kompyuta: karata za haraka ambapo kila mchezaji huchagua karata moja na kumpitishia jirani zilizobaki. Ni mifupi na rahisi kufundisha, na hakuna anayetolewa mchezoni. Je, inajenga timu? Uchambuzi huu unaona kwamba michezo hii ni chombo kizuri cha kutazamia namna watu wanavyoamua, na ni chombo dhaifu cha kujengea umoja. Anayeinunua kwa sababu hii ya pili atavunjika moyo. Ili hilo lieleweke, inabidi kuanza na karata zenyewe.

Mchezo unavyokwenda

Mfano unaofaa ni Sushi Go!, uliobuniwa na Mwaustralia Phil Walker-Harding na kutoka mwaka 2013. Pakiti yake ina karata 108 zenye picha za vyakula vya Kijapani. Unachezwa na watu wawili hadi watano kwa raundi tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya dakika 15 hivi. Wakiwa watano, kila mmoja hugawiwa karata saba. Wakiwa wanne, nane. Kila mtu huchagua moja kimyakimya, wote wanafunua kwa pamoja, kisha kila mmoja anampa jirani wa kushoto zilizobaki na kupokea za jirani wa kulia. Wanaendelea hivyo mpaka karata ziishe mkononi, wanahesabu pointi na kugawa upya.

Utamu uko kwenye hesabu ya pointi. Sashimi haina thamani mpaka ufikishe tatu, ndipo ulipwe 10. Ukiishia na mbili umeambulia patupu. Tempura inataka jozi, nayo hulipa 5. Dampulingi, yaani vipande vya unga vilivyojazwa nyama, hukua taratibu: moja hulipa 1, mbili 3, tatu 6, nne 10, tano 15. Nigiri hulipa papo hapo, 3 kwa ngisi, 2 kwa samoni, 1 kwa yai. Lakini ukiwa umetanguliza wasabi, nigiri inayofuata huzidishwa mara tatu. Wasabi peke yake haina kitu. Vijiti vya kulia navyo havina pointi, ila vinakupa nafasi ya kuchukua karata mbili kwa mpigo baadaye. Halafu kuna pudini, ambayo haihesabiwi mpaka raundi ya tatu iishe: mwenye nyingi kuliko wote hupata 6, mwenye chache kuliko wote hupoteza 6. Kati ya wawili hao pengo ni pointi 12, na limejengwa na karata ambazo kwa raundi mbili nzima zilionekana mzigo mtupu.

Kwa hiyo kila karata ni aina fulani ya uamuzi kuhusu muda na hatari. Nigiri ni mapato ya leo, dampulingi ni juhudi ya kila siku, na sashimi ni mradi usiolipa mpaka ukamilike. Wasabi ni uwekezaji wa kungoja nafasi, na pudini ni kazi ya muda mrefu ambayo hakuna anayekusifu ukiwa unaifanya.

Tazama sashimi kwa ukaribu. Zipo 14 katika karata 108. Wachezaji watano wakigawiwa saba saba, karata 35 ndizo zinazozunguka, na kwa wastani sashimi nne au tano tu ndizo zimo ndani yake. Mtu mmoja akizitafuta peke yake, tatu zinapatikana. Wawili wakizitafuta kwa wakati mmoja bila kujuana, mara nyingi kila mmoja huishia na mbili, na wote wawili hukosa. Meza imetumia karata nne na haijapata hata pointi moja. Anayefahamu idara mbili zinazogombea mhandisi mmoja au bajeti moja mpaka miradi yote miwili ikakwama ataona hapa jambo alilowahi kulishuhudia.

Idadi ya wachezaji nayo hubadilisha kinachofundishwa, jambo ambalo ni rahisi kusahauliwa. Wakiwa wawili, karata ulizoziona mwanzo zinakurudia baada ya zamu mbili tu, kwa hiyo mchezo ni wa kumsoma mwenzako. Wakiwa watano, fungu lako la kwanza linakurudia zamu ya sita likiwa limebaki na karata mbili, na kabla ya hapo umeshapitiwa na mafungu yote ya meza, kila moja likiwa limepungua. Unaamua ukiwa na picha nusunusu, kama ilivyo katika kazi nyingi. Mwezeshaji anayetaka mazungumzo kuhusu taarifa pungufu anahitaji meza ya watano. Anayetaka kuzungumzia ushindani wa ana kwa ana anahitaji wawili.

Njia mbili zilizokutana

Utaratibu wa kuchagua na kupitisha haukuanza na sushi. Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield wa mwaka 1993, walizoea kufungua pakiti mpya, kuchukua karata moja na kumpa wa pembeni zilizobaki. Mwaka 2004 Mjapani Satoshi Nakamura alitoa Fairy Tale, akiufanya utaratibu huo kuwa moyo wa mchezo. Mfaransa Antoine Bauza akaufikisha kwa umma mpana mwaka 2010 kwa 7 Wonders, uliotunukiwa mwaka uliofuata tuzo ya Kijerumani ya Kennerspiel des Jahres. Sifa mbili ziliubeba: wote huchagua kwa wakati mmoja, hivyo hakuna kungojana, na kila mmoja anacheza mpaka mwisho.

Upande wa pili, mahali pa kazi palikuwa pakijenga desturi yake ya kuangalia nyuma. Jeshi la Marekani, kuanzia miaka ya 1970, lilizoesha vikosi vyake kukaa baada ya zoezi na kuuliza: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini vimetofautiana, na safari ijayo tufanye nini. Donald Schön aliandika mwaka 1983 juu ya wataalamu wanaofikiri huku wakitenda. David Kolb, mwaka 1984, alieleza kujifunza kama mzunguko: unafanya, unatazama ulichofanya, unapata wazo, unalijaribu upya. Waandishi wa Ilani ya Agile ya mwaka 2001 walitaka timu za programu zijitathmini kila baada ya muda na kurekebisha mwenendo wao, na kutokana na hapo vikao vya tathmini vikawa sehemu ya kawaida ya kazi hiyo.

Vikao hivyo vina adui mmoja mkubwa, uchovu. Timu inayoulizwa maswali yaleyale kila wiki mbili hufika mahali ikajibu kwa mazoea. Wawezeshaji wakaanza kutafuta kitu cha kuamsha akili, nao wabunifu wa michezo walikuwa nacho tayari.

Wanaosema kucheza kunatosha

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna haja ya mazungumzo marefu. Waacheni watu wacheke pamoja, na ukaribu utakuja wenyewe. Hoja hii ina ushahidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwakusanya watu wasiofahamiana katika vikundi vidogo; vilivyocheza michezo ya video pamoja kwa dakika 45 vilifanya vizuri zaidi katika kazi iliyofuata, kwa takriban asilimia 20. Hilo si jambo la kupuuzwa.

Lakini wale walikuwa wageni kwa wageni, na walicheza wakiwa upande mmoja. Timu ya ofisini ina historia. Ina mtu aliyenyimwa cheo, ina wawili wasioongea tangu mradi uliopita, ina aliyeajiriwa juzi. Na katika Sushi Go! kila mtu yuko peke yake, tena zamu nyingi hupita kimya. Kicheko kipo, hasa mtu anapofunua karata uliyokuwa ukiiombea ikurudie, lakini si rahisi kudai kwamba mtu aliyekupokonya sashimi ya tatu amekuwa ndugu yako. Hoja hii ina nguvu kwa timu mpya inayohitaji kuvunja ukimya. Kwa timu yenye jeraha, ni dhaifu.

Wanaosema faida iko katika tafakuri

Hoja ya pili, ambayo naiona kuwa bora, husema mchezo ni malighafi tu. Unatoa tukio ambalo wote wamelishuhudia, fupi, lisilo na lawama za kweli, na mazungumzo yanayofuata ndiyo kazi yenyewe. Scott Tannenbaum na Christopher Cerasoli walipokusanya tafiti kuhusu vikao vya tathmini mwaka 2013, walikadiria kwamba vikiendeshwa vizuri huinua utendaji wa mtu mmoja mmoja na wa timu kwa takriban asilimia 20 hadi 25. Tathmini hizo zilikuwa za kazi na mafunzo ya aina nyingi, kwa hiyo takwimu hiyo haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye meza ya karata. Inachoonyesha ni kwamba kukaa na kutazama nyuma kuna thamani halisi.

Hapa ndipo raundi tatu zinapozidi mazoezi mengi ya siku za wafanyakazi. Zoezi la kujenga mnara wa spageti au kuvuka kamba huwa na jaribio moja. Timu ikishaona kosa lake, muda umekwisha. Sushi Go! inampa mtu nafasi ya kupanga, kushindwa, kusema kwa nini, na kujaribu tena mara mbili ndani ya saa moja. Mzunguko wa Kolb unakamilika mezani.

Ni lazima hata hivyo mipango iandikwe. Mchezaji akiulizwa mwishoni kwa nini alishinda, atasimulia hadithi inayomfaa: bahati inageuka hekima, na kosa linageuka bahati mbaya. Tiba ni rahisi. Kabla ya kila raundi, baada ya kuziona karata zake za kwanza, kila mmoja aandike kwenye karatasi sentensi moja ya anachokusudia. Baada ya raundi, asome alichoandika mbele ya meza na aseme ni karata gani iliyomfanya abadili nia, au iliyopaswa kumfanya abadili na hakubadili. Yapo mambo makubwa yanayojitokeza hapa: wapo wanaong'ang'ania sashimi mbili mpaka mwisho kwa kuwa wameshazilipia, wapo wanaoacha kila mpango ukiyumba kidogo, na wapo ambao hawajainua macho hata mara moja kutazama jirani ameweka nini mezani.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inategemea mwezeshaji. Mwezeshaji asiye makini hukimbilia kulinganisha kila karata na maisha ya ofisi, na watu hukubali kwa adabu. Mfanano unaofaa ni ule ambao timu imeutaja yenyewe. Swali zuri ni la moja kwa moja: katika kazi yetu, pudini ni ipi? Timu za programu mara nyingi zitataja usafishaji wa msimbo wa zamani, uandishi wa maelekezo, au kumfundisha mwajiriwa mpya, yaani kazi zisizolipa mwezi huu na zinazoadhibu mwishoni mwa mwaka. Swali linalofuata ndilo gumu: ni nani kati yetu amekuwa akizichukua pudini zote, na tumemlipa nini?

Wanaosema rekebisheni kazi kwanza

Hoja ya tatu inatoka kwa wenye mashaka, na wanastahili kusikilizwa. Eduardo Salas na wenzake walichambua tafiti za ujenzi wa timu mwaka 1999 na hawakuona matokeo ya maana juu ya utendaji kwa jumla; kilichoonyesha nafuu ni kufafanua majukumu. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2009, ulioongozwa na Cameron Klein, ulikuta matokeo mazuri ya wastani, yakionekana zaidi katika hisia za watu na mwenendo wa ushirikiano, huku kuweka malengo na kufafanua majukumu vikiongoza tena. Karata hazifafanui jukumu la mtu. Kama hakuna anayejua nani anaidhinisha malipo, pakiti ya sushi haitamwambia.

Wenye mashaka wana hoja nyingine ya haki. Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alisisitiza kwamba mchezo ni tendo la hiari. Ukiamriwa unapoteza asili yake. Novemba 2022 Mahakama ya Kasesheni ya Ufaransa iliamua kwamba mfanyakazi hakupaswa kufukuzwa kwa kukataa kushiriki utamaduni wa burudani uliolazimishwa na mwajiri wake. Kesi ile ilihusu ulevi na tabia chafu, mbali kabisa na karata za watoto. Msingi wake unabaki palepale: furaha ya mfanyakazi si mali ya mwajiri.

Wanapokosea wenye mashaka ni kudhani kwamba muda wa mchezo lazima uibwe kutoka kwenye kazi ya kurekebisha mfumo. Dakika 15 ni chache. Tena mara nyingi kasoro ya mfumo haisemwi mpaka kitu kisicho na hatari kiifungulie mlango.

Wanaosema chezeni upande mmoja

Hoja ya nne inauliza kwa nini timu ishindane yenyewe kwa yenyewe wakati ipo michezo ya kushirikiana: Pandemic ya Matt Leacock ya mwaka 2008, au Hanabi, ya Bauza yuleyule wa 7 Wonders, iliyoshinda tuzo ya Spiel des Jahres mwaka 2013. Shutuma yao ni nzito. Katika kuchagua na kupitisha kuna mbinu ya kumkomoa jirani: unachukua karata usiyoihitaji ili yeye asiipate. Mchezo unaituza. Bosi aliyekusudia kufundisha ukarimu atakuwa amefundisha kinyume chake.

Lakini michezo ya ushirikiano ina ugonjwa wake unaofahamika sana kwa wachezaji. Katika Pandemic taarifa karibu zote ziko wazi, hivyo mwenye sauti kubwa huanza kuwaamulia wote, na wengine wanabaki kusogeza vipande kwa niaba yake. Katika timu yenye bosi, hatari hiyo ni maradufu. Kuchagua kimya na kufunua kwa pamoja kunaizuia: hakuna anayeweza kukuamulia. Mkimya na msemaji wana zamu sawa, na uamuzi wa kila mmoja umeachwa mezani unaonekana. Hanabi nayo inaikwepa kwa sehemu, kwa kuwa unaona karata za wenzako bila kuona zako, lakini inachosha na si ya dakika chache za kufungua kikao.

Kumkomoa jirani nako kunaweza kugeuzwa somo. Raundi ya tatu ichezwe kwa sharti jipya: lengo ni jumla ya pointi za meza nzima, bila kuzungumza. Kilichokuwa silaha kinakuwa hasara mara moja, na meza inaanza kujifunza kumwachia jirani sashimi anayoihitaji. Si kanuni rasmi ya mchezo, lakini hakuna hakimu atakayelalamika, na tofauti ya jumla kati ya raundi ya pili na ya tatu inatoa mazungumzo kuliko hotuba yoyote.

Yanayohusu ofisi zetu

Kwa Afrika Mashariki yapo mambo ya kuongeza. Karata zimezoeleka kwetu tangu zamani, majina ya shupaza, kopa na pau yameingia kutoka Kireno, lakini pia zimebeba sifa ya kamari. Wapo waumini, Waislamu na Wakristo, wanaoziepuka hata pasipo dau. Picha za vyakula hupunguza kikwazo hicho kwa baadhi yao, kwa sababu hazifanani na karata za barazani. Kwa upande mwingine, majina ya Kijapani na maelezo ya Kiingereza yaliyochapwa juu yake hula muda wa kufundisha. Pasipo pakiti hiyo, karata za kawaida zinatosha: gawa saba saba, chagua na upitishe, lipa jozi na tatu za namba moja, na kopa zihesabiwe mwisho kama pudini. Ofisi ichague kikwazo ambacho watu wake wanakiweza.

Jambo zito zaidi ni heshima ya cheo. Mezani mdogo anaweza kumshinda mkurugenzi bila kumkosea adabu. Mazungumzo yakianza, ngazi zinarudi. Amy Edmondson alionyesha mwaka 1999, katika utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya uzalishaji bidhaa, kwamba timu hujifunza zaidi pale watu wanapoamini hawataadhibiwa kwa kusema. Hakuna karata inayoleta imani hiyo. Kinachosaidia ni utaratibu: mwenye cheo kikubwa azungumze mwisho, na asome mpango wake ulioshindwa bila kuupamba.

Mizani

Zikipimwa pamoja, hoja ya pili ndiyo inayobeba uzito, ikirekebishwa na ya tatu. Mchezo huu unafaa kwa timu inayofanya kazi kwa amani lakini imezoea kuamua bila kujitazama. Unafaa mwanzoni mwa mradi, watu wanapohitaji kuona nani hukimbilia mapato ya haraka na nani hungoja. Unafaa kuamsha kikao cha tathmini kilichochoka. Muda wa kuzungumza uwe angalau maradufu ya muda wa kucheza. Pasipo nafasi hiyo, ni burudani tu, na iitwe burudani bila aibu.

Gharama yake ni ndogo lakini ipo. Watu tisa hawaingii meza moja. Watahitaji pakiti mbili, au Sushi Go Party! ya mwaka 2016 yenye nafasi za wachezaji wanane, huku wa tisa akiandika yanayotokea mezani. Mwandishi huyo ni wa lazima hata katika meza ndogo, kwa kuwa wachezaji wameinamia karata zao na hawaioni meza. Asiyetaka kucheza apewe kazi hiyo, aifanye kwa heshima yake yote, na maelezo yake yasomwe kwanza.

Ukizuka ugomvi wa kweli, au watu wakiwa wanasubiri orodha ya watakaopunguzwa kazini, pakiti ibaki kabatini na uongozi ukae na watu wake kuzungumzia jambo lenyewe.